Safari ya Misali na darasa la manowari za Wafaransa: nilichokipata kwa elfu arobaini

Kwa wanaouliza ile safari ya mashua ya Wesha, huku Pemba, mpaka kisiwa cha Misali, ile yenye mwalimu wa historia ndani, mi nimekwenda Jumamosi iliyopita na ntaeleza ilivyokuwa tangu asubuhi, mana naona watu wanaulizana bei tu na bei peke yake haikwambii kitu. Bei ni elfu arobaini mtu mzima, mtoto nusu, chakula kimo humo humo, tozo ya kuingia kisiwani unalipa mbali. Mi nimetokea Unguja, nimeshuka Mkoani alfajiri, daladala mpaka Chake, Chake mpaka Wesha, saa moja na nusu nishafika gatini na mkoba wangu. Tuliambiwa tunang'oa saa mbili. Tumeng'oa saa tatu kasoro, hilo nalisema mapema.

Mwenye safari ni mwalimu mstaafu, kasomesha historia skuli miaka na miaka, na nahodha ni mtoto wa dada yake. Kila safari ina mada yake anaitangaza kabla kwenye grupu. Safari hii mada ilikuwa vipi manowari za Wafaransa zilivyoamua vita vya uhuru vya Marekani. Nikajiuliza, Pemba nzima hii na historia yake, tunakwenda Misali kusomeshwa habari za Marekani? Lakini mwanafunzi mmoja aliyewahi kwenda akaniambia we nenda tu, huyu mzee habari ya bahari anaijua kwa kuishi nayo. Na kweli, ndo nilichokikuta.

Mnatoka Wesha kwa mashine, mikoko kulia na kushoto, maji yanaanza kupanuka, na mnapofika pale ambapo ghuba inafunguka na Misali inaonekana mbele, Mwalimu akamwambia nahodha azime mashine. Kimya. Akasema geukeni nyuma muangalie mlikotoka. Sasa mimi nikiweka majahazi yangu hapa, yaliyoko Wesha yanatokaje? Mama mmoja aliyekaa kwenye tezi, nyuma ya mashua, akajibu hayatoki, wameingia dema (ule mtego wa samaki, akiingia hatoki). Mwalimu akapiga paja, akasema basi bibi wewe ushamaliza somo, vita vya Marekani viliisha kwa dema.

Na akaanza. Jenerali wa Kiingereza, Cornwallis, katikati ya mwaka 1781 kajenga kambi yake Yorktown, pembeni ya mto unaoingia kwenye ghuba ya Chesapeake. Kwa nini pale? Kwa sababu kwa Mwingereza bahari ni mlango wake wa nyuma, akizidiwa nchi kavu meli zitakuja kumletea chakula au zitamchukua. Miaka sita ya vita ilikuwa hivo hivo. Washington, jemadari wa Wamarekani, na watu wake wanamsukuma Mwingereza huku, Mwingereza anapanda meli anatokea kule, anashika Boston anaiacha, anashika New York, anashuka kusini anashika Charleston. Utamshindaje mtu ambaye kila ukimfikia anaondoka kwa bahari na wewe huna meli? Mi skuli nilisomeshwa Washington na farasi wake, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Kuna jambo moja alilieleza vizuri sana ambalo wengi wanaliruka. Ufaransa iliingia mkataba na Wamarekani tarehe 6 Februari 1778, baada ya Waingereza kushindwa Saratoga mwezi wa kumi 1777, na hata kabla ya hapo ilikuwa inapitisha bunduki na baruti kwa siri kupitia kampuni ya biashara ya uongo uongo. Lakini mkataba peke yake haukuleta ushindi. Mwaka ule ule 1778 amiri wa kwanza, d'Estaing, alifika nje ya New York na manowari kubwa, akakuta mlangoni pana fungu la mchanga na meli zake zimezama sana majini, marubani (wale waongoza meli mlangoni) wakakataa kumpitisha, akakaa siku kadhaa anaangalia meli za adui ndani kisha akaondoka. Wavuvi wawili tuliokuwa nao walitikisa kichwa mana hilo kila mtu wa Pemba limewahi kumkuta, maji hayatoshi na mji unauona. Kutoka hapo akenda Newport, tufani ikamvunjia milingoti. 1779 akajaribu Savannah, akashindwa, watu wengi wakafa. Yaani miaka mitatu rafiki yupo, meli zipo, na hakuna kilichobadilika. Hapa Mwalimu alisema neno nalikumbuka, kwamba kusaidiwa si kuwa na rafiki mwenye meli, kusaidiwa ni meli ifike pahala penyewe, wakati wenyewe, na ikae.

Kufika Misali tukashuka ufukweni, chai ya mchaichai na kaimati (moto kabisa, sijui walizihifadhi vipi), kisha chini ya miti akachora ghuba nzima kwenye mchanga kwa fimbo. Katoa mfuko, humo mna maharage na mbaazi. Maharage ni manowari za Wafaransa zilizotoka kupigana, 24. Mbaazi ni Waingereza, 19. Watoto ndo waliohesabu. Hii sehemu peke yake inafaa elfu arobaini, na ntaieleza kidogo ili mjue mnalipia nini.

Amiri wa mwaka 1781 anaitwa de Grasse. Katoka Brest mwezi wa tatu, kenda kwanza visiwa vya Karibi, huko kapata barua za Rochambeau, jenerali wa Kifaransa aliyekuwepo Marekani tangu 1780 na askari wake zaidi ya elfu tano, inamwambia hali ni mbaya, njoo, na ukija njoo na askari na pesa. Sasa angalia uamuzi wa mtu huyu. Kawaida amiri angegawa meli, nusu zisindikize meli za sukari kurudi Ufaransa, nusu ziende vitani. De Grasse kachukua zote, 28, meli za biashara zikasubiri, Wahispania wakakubali kulinda visiwa vya Wafaransa wakati hayupo. Kapakia askari zaidi ya 3,000, na Havana ikatoa peso 500,000. Upande wa pili amiri wa Kiingereza Rodney akakisia kwamba Mfaransa atagawa meli zake kama desturi, basi akamtuma amiri wa chini yake, Hood, na manowari 14 tu, mwenyewe mgonjwa akarudi kwao Uingereza. Hood kapita Chesapeake tarehe 25 Agosti, kachungulia, ghuba tupu, kaendelea New York. Siku tano baadaye de Grasse kaingia. Siku tano! Kaja haraka mno Hood, kampita njiani bila kumuona.

Tarehe 5 Septemba 1781 meli za Kiingereza 19 chini ya amiri Graves zikatokea. Upepo kaskazini mashariki, Waingereza wako joshi, upepo mgongoni mwao. Wafaransa wako ndani, wametia nanga, watu wao 1,900 hivi wako nchi kavu wanateka maji na kuteremsha askari, na mkondo unaingia, hawawezi kutoka mpaka maji yaanze kupwa. Mchana ndo yakapwa. De Grasse hakusubiri hata watu wake, meli zikakata nanga zikatoka moja moja, za mbele zikawa mbali kabisa na za nyuma, mstari umekatika. Mwalimu akayatoa maharage ghubani moja moja namna ile, kisha akamuuliza mvuvi mmoja, wewe ndo Graves, una upepo, unafanyaje? Yule bwana hakufikiri hata, akasema navamia za mbele kabla za nyuma hazijafika. Ndo hivo. Na Graves hakufanya. Yeye kageuza meli zake, kazipanga mstari mmoja mzuri sawa na kitabu kinavyosema, na wakati anapanga Wafaransa nao wakapata nafasi ya kupanga wa kwao. Wameanza kupigana saa kumi jioni imeshapita, na pale juu ya mlingoti wa Graves bendera mbili zinapepea, moja inasema kaeni kwenye mstari, nyengine inasema msogeleeni adui, na Hood aliyekuwa nyuma kashika ile ya mstari, meli zake hazikupigana karibu kabisa mpaka jua limezama.

Hakuna meli ya Kifaransa iliyozama siku ile, Waingereza wamepoteza 90 waliokufa na zaidi ya 240 majeruhi, na meli yao moja, Terrible, ilivuja mpaka siku chache baadaye wenyewe wakaichoma. Ukiangalia hivi unasema mbona vita vidogo? Lakini baada ya hapo zimekaa siku kadhaa zinasogezana zikienda mbali na ghuba, na huku nyuma Barras, Mfaransa mwengine kutoka Newport, kapenya ndani na meli nane na mizinga mizito ya kubomolea ngome. De Grasse aliporudi ghubani, zile 28 zake na nane za Barras, wakawa 36. Graves kuchungulia tena, mlango umefungwa, karudi New York kutengeneza meli. Cornwallis yuko ndani ya dema.

Mwalimu alivyofika hapa sauti ilimbadilika. Akatueleza Washington aliyekuwa njiani anateremka kusini na jeshi lake, siku ile ile ya tarehe 5 ndo kapata habari kwamba de Grasse kafika, na mtu yule ambaye watu wanamjua hacheki hasemi, Rochambeau alimkuta ukingoni mwa mto anapunga kofia na kitambaa kama mtoto, akamkumbatia. Miaka sita amesubiri meli. Mi nilisikia kitu moyoni, wallahi, mana wanaoishi visiwani tunajua kuangalia baharini kusubiri chombo ambacho hujui kama kitakuja.

Yaliyobaki kayapitisha haraka na sawa kabisa. Mizinga kuanza tarehe 9 Oktoba, Cornwallis kujaribu kuvusha watu mto usiku wa tarehe 16 dhoruba ikamvurugia mashua, tarehe 19 kasalimu amri, askari zaidi ya 7,000. Siku ile ile meli za kumwokoa ndo zinatoka New York, zikafika nje ya ghuba tarehe 24. Na siku ya kusalimu, Cornwallis kajisemea mgonjwa, kamtuma naibu wake, na naibu kaenda kumpa upanga Rochambeau, Rochambeau akamuonesha Washington. Mwalimu akasema hapo Mwingereza alikuwa anasema anavyoona, nani kamshinda. Ukihesabu mabaharia pamoja na askari, Wafaransa pale walikuwa wengi kuliko Wamarekani wenyewe.

Jengine lililonikaa ni la msimu. De Grasse aliwaambia tangu mwanzo hawezi kukaa zaidi ya katikati ya mwezi wa kumi, ana ahadi Karibi, na Washington ikabidi ambembeleze aongeze siku. Vita vyote vile vilikuwa ndani ya dirisha la wiki chache. Sasa mtu wa bara ukimwambia hivi anaona ajabu, lakini mzee mmoja pale alisema kama majahazi ya Waarabu zamani, kaskazi imekuleta, kusi ikianza lazima urudi, ukichelewa unakaa mwaka. Yaani somo la Marekani lilikaa Pemba bila kulazimishwa.

Na aliunganisha na kwetu, nikafurahi. Wazee wa Mombasa waliomba meli za Oman kumtoa Mreno, Ngome ya Yesu ikazingirwa tangu 1696 mpaka Disemba 1698, ni miaka miwili na zaidi, na huku Unguja malkia Mwana Fatuma yuko upande wa Mreno anawapelekea chakula waliozingirwa, mwisho akachukuliwa Oman. Meli ndo ziliamua na pale pia. Tofauti yake, Mfaransa baada ya Yorktown alirudi kwao, Muomani alikaa. Na ukitaka kujua kukosa meli ya kukusaidia kunakuwaje, tarehe 27 Agosti 1896 Seyyid Khalid kakaa jumba la mfalme Unguja na watu wake, mbele yake manowari za Kiingereza, meli yake moja Glasgow ikazamishwa pale pale bandarini, na kwa chini ya saa moja yameisha. Mjarumani alimpa hifadhi ubalozini, lakini manowari ya kumpigania haikuja.

Sasa penye neno langu, na nimemwambia Mwalimu mwenyewe uso kwa uso kwa adabu kwa hiyo sisemi kwa nyuma. Darasa linamsifu sana Mfaransa na uhuru aliouleta. Baada ya chakula (wali wa nazi, changu wa kuchoma, kachumbari, pilipili ya embe, sina la kulalamika) nikamuuliza, Mwalimu, utajiri uliolisha meli zile umetoka wapi? Akasema Saint-Domingue (Haiti ya leo), sukari na kahawa. Na nani analima? Watumwa. Basi mbona hili halimo kwenye mchanga? Na karibu zaidi na sisi, mwaka 1776, mwaka ule ule Wamarekani wanatangaza uhuru, Mfaransa anaitwa Morice kaandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa mashamba ya Mauritius. Watu wetu wa pwani hii hii. Na ndani ya Yorktown maelfu ya watu weusi walikuwa wamewakimbia mabwana zao wakajiunga na Waingereza kwa ahadi ya uhuru, na chakula kilipopungua na ndui ikaingia Cornwallis kawatoa nje ya ngome, wakafa misituni na kando ya barabara. Kwao wao meli za de Grasse zilifunga mlango wa uhuru.

Mwalimu hakukasirika, alinyamaza kidogo kisha akasema mwanangu hilo ni kweli na nalijua, nililiweka kwa safari yake peke yake, na akatupa dakika kumi nzuri, akaongeza habari ya watu weusi huru wa Saint-Domingue zaidi ya 500 waliokwenda kupigana Savannah 1779 upande wa Wafaransa. Naheshimu sana jibu lake. Lakini mi bado nasema lisiwe safari ya peke yake, liwe ndani ya hii hii, mana mtu akienda mara moja tu anarudi na nusu. Mtoto wa Pemba akisikia uhuru uliletwa na meli, ajue na nani alikuwa tumboni mwa meli nyengine za bendera hiyo hiyo.

Vyengine vya kurekebisha. Kuchelewa kung'oa kulitugharimu jioni, maji yalikuwa bamvua na yakapwa kwa kasi, ikabidi mwisho wa darasa ukatwe tuwahi gati ya Wesha kabla hatujakwama matopeni, na hapo ndo habari ya gharama ilipitishwa mbio mbio, jinsi de Grasse mwenyewe alivyotekwa Aprili 1782 na jinsi madeni ya vita yalivyoielemea Ufaransa mpaka ikafika mapinduzi yake ya 1789. Hiyo ni habari kubwa, haikustahili kusemwa huku tunapakia masufuria. Mashine ikiwaka husikii kitu, waliokaa omo, mbele ya mashua, walikosa maneno mengi, kipaza sauti kidogo cha betri kingetosha. Turubali la kivuli ni fupi. Makoti ya kuokolea yalikuwepo ya watu wazima ya kutosha, ya watoto mawili tu na watoto walikuwa wanne, na hili silifichi hata kidogo, nimemwambia nahodha na akaahidi ataongeza, mwenye mtoto aulize kabla hajalipa.

Nani aende? Walimu wa skuli nendeni, mchukue hata ile njia ya maharage na mbaazi mukafanye darasani. Wavuvi na mabaharia nendeni, mtafahamu kuliko wote. Anayetaka kuogelea na kupiga picha tu, zipo safari nyengine za Misali, hii atachoka, mana kisiwani tulikaa saa nne na kati ya hizo kuogelea ilikuwa kama dakika arobaini.

Tulivyokuwa tunarudi tanga limepandishwa, upepo wa kusi laini, mtoto wa miaka tisa hivi aliyekuwa kashika mfuko wa maharage alimuuliza Mwalimu, na kama Hood angekaa zile siku tano? Mwalimu akamwangalia muda, akamwambia shika usukani na mjomba wako kwanza, utaniambia wewe. Mpaka tunaingia mikokoni yule mtoto bado anahesabu mbaazi.

Safari ijayo mada ni Suffren, Mfaransa aliyepigana na Waingereza vita hivyo hivyo lakini huku kwenye bahari yetu ya Hindi, pwani ya India na Sri Lanka, mpaka Juni 1783 wakati Ulaya wameshakubaliana amani na habari haijafika. Meli zake zilitegemea Mauritius, kwa hiyo lile la Kilwa nimemuomba Mwalimu alitie mwanzoni kabisa, na kasema atalitia. Nishaweka nafasi mbili, moja yangu na moja ya babu yangu aliyekuwa baharia wa majahazi.